Sura ya Sita: Propela Iliyosokoteka

Ukungu wa Julai haukuwa na haraka. Uliingia Nachingwea alfajiri, ukaketi juu ya mapaa ya bati, ukashuka mpaka uani kwa polisi, na yale magari mabovu yaliyowekwa kama vielelezo yakaonekana hayana magurudumu, yanaelea tu, kama ng'ombe waliosimama katikati ya mto. Harufu ya maua ya mikorosho ilikuwa imepanda kutoka mabondeni. Inspekta Rozalia alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, na juu ya gunia palikuwa na propela, lile bomba la chuma linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma.

Kila askari pale kituoni alikwisha kuiona propela ile, na wote walisema neno moja: imekatika. Rozalia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza imekatikaje.

Gari lenyewe, Landkruza nyeupe yenye mkonga wa kuvutia hewa, lilikuwa nyuma yake, ubavu umebonyea na kioo cha mbele hakipo. Lilikutwa Jumatatu asubuhi limelala mtaroni kwenye mteremko wa Chiola. Mwenye gari ni Mikidadi, mfanyabiashara wa Ruangwa anayekodisha magari kwa watafiti wa madini. Dereva wake, Eustakio, aliokotwa jioni ya siku ileile mbali kabisa na hapo, kwenye benchi la kanisa huko Kiegei, damu imemkaukia kichwani, hajui amefikaje. Abiria wake, aliyeondoka naye Ruangwa Jumapili, hakuonekana. Huyo aliitwa Halfani, mchukua sampuli za mawe, mtu mpole ambaye watoto wa Ruangwa walimjua kwa nyundo yake ndogo.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Vijana wa Chiola walikuwa wamepekua vichaka mpaka wakachoka, na maneno yalikuwa yameanza kutembea kwamba dereva alimuua abiria wake akamficha. Eustakio alikuwa mahabusu. Ruangwa, nyumbani kwa Halfani, mkewe Mwamini alikuwa ametandikiwa mkeka, na wanawake walikuja wakaketi naye bila kujua kama wamekuja kuhani au kungoja.

"Inspekta, habari za asubuhi."

Mikidadi alitokea ndani ya ukungu akiwa ameshavua kofia. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti laini, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Nzuri, Bwana Mikidadi. Umewahi."

"Nimekuja kuulizia gari langu. Jambo lenyewe liko wazi. Yule kijana alikuwa anakimbiza gari, na mteremko ule wa Chiola si wa mchezo. Spidi ikazidi, propela ikakatika, gari likapinduka. Mengine anajua yeye na Mungu wake."

"Propela hii ulishawahi kuitengeneza?"

"Hata siku moja. Ndiyo ileile iliyokuja na gari kutoka Japani."

"Ileile?"

"Ileile, Inspekta. Sijaigusa."

Rozalia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokiomba. Alimwonyesha benchi la barazani, akamwambia pana chai. Kisha akamgeukia Emmanuel, fundi mwenye gereji karibu na uwanja wa ndege, ambaye alikuwa ameitwa mapema na bado anapiga miayo.

"Fundi, propela ikikatika kwa spidi inakuwaje?"

"Inachapa," Emmanuel alisema. "Umewaona watoto wakiruka kamba? Kamba ikizungushwa, katikati inatoa tumbo. Na propela ni hivyohivyo. Mzunguko ukiizidi inatoa tumbo, inaanza kugonga sakafu, du-du-du-du, inapinda kama upinde, halafu inakatika."

"Hii imepinda?"

Emmanuel aliinama. Aliviunga vipande viwili pale vilipoachana, akafumba jicho moja akachungulia kutoka mwisho hadi mwisho. Ukungu ulikuwa ukipita kati yao polepole, na kuku wa kituoni alikuwa akitembea ndani yake kama anatafuta mlango.

"Haikupinda," alisema mwishowe. "Imenyooka. Lakini imesokoteka. Imekamuliwa hii, kama mama anavyokamua shuka la kufulia."

Ni kweli. Katikati ya bomba chuma kilikuwa kimejiviringa, mikunjo inafuatana kama kamba ya katani, na kwenye mkunjo uliobana zaidi ndipo kilipopasukia.

"Nini kinakamua propela?"

"Kazi nzito, afande. Gia ya mlima, matairi yamegoma, injini inasukuma. Mbele inazunguka, nyuma inakataa. Sasa hapa katikati patafanyaje?"

"Gari lilikuwa linaenda mbele au linarudi nyuma?"

Emmanuel alitafuta upande wa giaboksi, akauelekeza mbele ya gari, akafuata mikunjo kwa kidole. "Mbele. Ingekuwa ravasi, ingesokoteka upande wa pili. Hapa gari lilikuwa linapanda."

"Basi halikuwa linateremka Chiola kwa kasi."

"Labda Chiola hiyo waigeuze juu chini."

Rozalia hakucheka. Alichomoa uzi kwenye pindo la leso yake, akauzungusha kwenye kikombe cha chuma mwishoni mwa propela, pale bomba linapochomelewa. Akaukata hapo. Kisha akauzungusha uzi uleule kwenye bomba lenyewe. Ulilizunguka, ukabaki mkia mrefu unaning'inia.

"Hivi vilizaliwa pamoja?"

"Havikuzaliwa pamoja." Emmanuel sasa alikuwa ameamka kabisa. "Hapa wameweka pete ya kuzibia, ona. Kikombe ni cha Toyota. Bomba ni paipu ya maji. Lakini afande, paipu yenyewe nene! Mimi nisingemlaumu fundi."

Alikwenda kwenye pikapu yake akaleta propela kuukuu ya gari kama lile, ya asili, pana kama mkono wa mtu uliovimba. Akaishika hii kulia, vipande vya ile kushoto, akavipima kama mtu anayenunua samaki.

"Uzito sawasawa," alisema. "Chuma kilekile. Kimoja kimejaa, kingine kimetanuka. Mimi ningedhani kilichojaa ndicho kigumu."

"Njoo kwenye mlango huu. Usukume, lakini shika hapa karibu na bawaba."

Emmanuel alisukuma. Mlango wa stoo ulikuwa mzito, ukalalamika, ukasogea kidogo.

"Sasa shika huku mwisho, kwenye kitasa."

Ukafunguka kwa kidole.

"Chuma ni hivyohivyo," Rozalia alisema. "Kilicho mbali na katikati ndicho chenye nguvu ya kuzuia msokoto. Kilicho karibu na katikati kinabebwa tu. Ukilipunguza tumbo bomba, yaani upana wake, hata ukiongeza unene, umehamisha watu wako wote kutoka kwenye kitasa ukawapanga kwenye bawaba."

Emmanuel aliutazama mlango, akaitazama propela ya asili. "Ndiyo maana za mlimani wanaongeza unene ili mawe yasizibonyeze, lakini tumbo hawapunguzi. Nimezichomelea miaka yote kwa mazoea tu." Akakuna kidevu. "Ila sasa, kwa nini huyu apunguze? Paipu pana zipo. Kwangu zimejaa nyuma ya choo."

"Hilo ndilo swali langu. Mtu akipunguza nguvu ya gari lake anataka kupata kitu kingine. Hapa alipata nini?"

Kabla hajajibiwa, sauti ilitoka chini ya Landkruza. Ilikuwa ya Konstebo Linus, dereva wake, aliyekuwa amelala chali huko na tochi.

"Afande! Gari limehujumiwa! Huku chini kuna sehemu zimekatwa kwa msumeno!"

Rozalia alitandika gunia akaingia. Kwenye chasisi, pande zote mbili, palikuwa na vipande vya bati nene vilivyokatwa, na pale msumeno ulipopita chuma kiling'aa kama jino. Linus alikuwa anahema kwa furaha.

"Mtu alikata ili propela ianguke, afande."

"Propela haikushikwa na hivi, Linus. Hivi vilishika kitu kingine. Fundi, nipe ile pana."

Aliishikilia propela ya asili mahali pake. Ubavu wake ulipita hasa pale vipande vilipokatwa. Kisha akashikilia kipande cha ile nyembamba. Sasa pakawa na nafasi, ndefu kama mkeka uliokunjwa, kati ya bomba na chasisi, chini ya sakafu ya gari. Alikaa hapo chini, ameishika nafasi ile tupu kwa mikono miwili kama mtu anayempimia mtoto nguo.

"Nafasi," alisema. "Alipata nafasi."

Alipotoka alikwenda barazani huku akijifuta mavumbi. Mikidadi alikuwa anapuliza chai.

"Bwana Mikidadi, gari hili lilikuwa na tangi la akiba chini?"

"Halina."

"Boksi la vifaa?"

"Halijawahi kuwa na kitu chochote, Inspekta."

"Vizuri. Endelea na chai. Kukabidhi gari kuna utaratibu wake, itachukua muda kidogo."

Akamwambia askari wa mapokezi, kwa sauti ya chini, kwamba mgeni yule asikose sukari wala asikose mtu wa kuongea naye.

*

Eustakio alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimefungwa kitambaa. Rozalia aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaiacha kalamu yake mfukoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kichwa?"

"Kinakuja na kuondoka."

"Leo sikuulizi Chiola. Niambie chochote ulicho nacho, hata kama hakina maana."

Eustakio alifumba macho. Alipoongea alikuwa kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya maji.

"Tunapanda. Kaka Halfani ananiambia polepole, usije ukaua nyuki. Kuna nyuki wengi. Halafu gari linaguna. Halafu mbingu inakuja mbele ya kioo, yote, buluu tupu." Akagusa kitambaa cha kichwani. "Baadaye nimelala chini. Nataka kuinuka, nashika ardhi, ardhi inateleza kama imepakwa mafuta. Naitazama mikono yangu, inang'aa. Nikasema, kumbe nimekufa. Kumbe mikono ya wafu iko hivi."

"Halfani?"

"Simuoni. Namuita, sauti haitoki. Nikaanza kutembea." Alifumbua macho, yamejaa. "Afande, mimi nilimuacha. Kama amekufa, nimemuua mimi, kweli wanavyosema."

Rozalia alirudi uani. Alichomoa pini kwenye nywele zake, akaiingiza kwenye mkunjo uliobana kabisa wa propela, akakwangua. Vumbi la kijivu lilimwangukia kiganjani. Aliposugua kwa kidole gumba, likasambaa laini, linang'aa kama risasi ya penseli.

"Kinywe," alisema Emmanuel, ambaye kama kila mtu wa upande ule aliyajua madini yale. "Hayo hayako Chiola, afande. Hayo ni ya vilima vya Ruangwa."

"Na uchomeleaji huu, wa pete hii, unaufahamu?"

Fundi alisita, kwa sababu fundi hapendi kumtaja fundi. Kisha akasema, "Mstari mzuri hivyo, kama mshono wa cherehani, ni wa mtu mmoja tu. Imrani wa Ruangwa."

*

Njia ya Ruangwa ilikuwa imeshaanza kuachwa na ukungu. Ulibaki vipande vipande kwenye mabonde, na mikorosho ilijitokeza juu yake, maua yake mekundu hafifu, kama moshi usiopanda. Linus aliendesha kimya. Mara moja tu aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kutembea kutoka vilima vile mpaka Kiegei hali akili yake haipo.

"Miguu haiulizi akili," Rozalia alisema.

Gereji ya Imrani ilikuwa na muziki wa Dar, bango la rangi nyingi, na Imrani mwenyewe akiwa amevaa miwani ya kuchomelea juu ya paji kama taji. Alipoona sare, aliupunguza muziki lakini hakuuzima.

"Karibu sana, madamu. Gari linasumbua?"

"Si langu." Linus aliteremsha kipande cha propela akakilaza mezani. "Hii kazi ni yako?"

Imrani alikipapasa kile kishono, na fahari ikamshinda tahadhari. "Kama si yangu ya nani? Cheki mstari huo. Hamna fundi mkoa mzima wa kukupigia hivyo. Hapo kwenye kishono haijaachia, umeona? Imeachia paipu, welding imetulia."

"Nani alikupa kazi?"

"Wateja wengi, madamu, siwezi kukariri."

"Imrani. Aliyekuwa ndani ya gari hili hajaonekana tangu Jumapili. Mkewe yuko mtaa wa pili hapo, amekaa chini. Umelipunguzia gari propela, propela imekatika. Mimi nikiandika hapa kwamba ulifanya kwa makusudi, utanionyesha nini?"

Muziki ulizimwa. Hakuna aliyemwona Imrani akinyoosha mkono, lakini ulizimwa.

"Wallahi sikujua," alisema, na maneno yake ya Dar yalikuwa yameondoka yote. "Bosi Mikidadi alikuja na gari. Propela pana ilikuwa inasugua boksi. Nikamwambia, bosi, tulishushe boksi kidogo. Akasema likishuka litagonga mawe. Akasema, punguza propela. Nikamwambia itakuwa nyembamba. Akasema weka paipu nene basi. Mimi nikaona, nene si ni imara?"

"Boksi la nini?"

"Lilikuja limefungwa. Sikuliuliza, dada yangu. Bosi hapendi kuulizwa."

"Dereva alijua?"

"Eustakio? Hajui kitu. Yeye na yule wa mawe ndio walifanya gari lionekane la heshima. Wakifika kwenye mahandaki ya zamani kule Namilonga, yule wa mawe anagongagonga, Eustakio analala kivulini. Watu wa bosi wanakuja kusema wanaongeza maji kwenye rejeta. Wanaingia chini ya gari." Alitazama mlangoni. "Hivyo tu ndivyo nilivyosikia."

Kijana alikuwa ameivua miwani yake na kuishika kwa mikono miwili.

"Panda gari," Rozalia alisema. "Utatuonyesha hiyo Namilonga."

*

Kilima kiling'aa. Si kama kioo, wala si kama maji. Kiling'aa kama kitu kinachofikiria kung'aa. Njia ya kupandia ilikuwa imechimbwa zamani na watafiti waliokwisha kuondoka, na jua la saa sita lilikuwa limeiamsha kinywe yote iliyolala juu yake. Chini kulikuwa na mikorosho, na ndani ya mikorosho nyuki walikuwa wanavuma kwa pamoja, mvumo mmoja mzito, mpaka mtu alihisi usingizi akiwa amesimama.

Rozalia aliwaacha Linus na Imrani chini akapanda kwa miguu. Viatu vyake viliteleza. Karibu na kona ya juu alikuta matairi yalipochimba, mashimo manne, ya nyuma yenye kina na ya mbele yameparuza tu. Hapo ndipo gari lilipogoma. Kutoka hapo mburuzo ulirudi nyuma ukashuka mpaka kwenye jiwe kubwa lenye rangi nyeupe ya gari ubavuni. Vipande vya kioo vilikuwa kwenye nyasi. Na juu ya yote hayo, kama mtu aliyeandika juu ya maandishi ya mwenzake, palipita alama za lori la matairi mapacha, lililokuja tupu na kuondoka likivuta.

"Halikupinduka Chiola," alimwambia Linus aliposhuka. "Lilikatikia hapa, likarudi nyuma, likapiga jiwe. Likavutwa mpaka Chiola, boksi likakatwa, gari likasukumwa mtaroni. Ndiyo maana vijana wamepekua vichaka wasione kitu. Walikuwa wanatafuta mahali pasipo na mtu."

"Na Halfani?"

Rozalia alikuwa anatazama ng'ambo ya mikorosho, ambako palikuwa na shamba la mbaazi zilizokauka, na ndani yake mwanamke mzee akivuna, hageuki. Gari la polisi lilikuwa limesimama pale kwa muda mrefu. Kwa kawaida mtu wa shamba angeshainua kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwananguu." Alikuwa mdogo wa umbo, na uso wake ulikuwa na chale za zamani za watu wa ng'ambo ya Ruvuma. "Mimi Hadija. Mimi kuvuna mbaazi tu. Gari sijui."

"Sijakuuliza gari, bibi."

Bi Hadija aliendelea kuvuna. Rozalia aliinamia mashina, akamsaidia kuvunja, na wakaenda hivyo mstari mzima bila neno, mbaazi zikialika vidoleni. Mwisho wa mstari palikuwa na kibanda cha nyasi, ghala dogo la mahindi, jiko la mawe, na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili.

"Unaishi na nani hapa, bibi?"

"Pekee. Mzee alikufa zamani."

"Sufuria kubwa."

"Nakula sana."

"Na suruali ile kwenye kamba?"

Bi Hadija aliitazama suruali kama ndiyo kwanza anaiona. Ilikuwa imefuliwa vizuri, ikashonwa gotini kwa uzi mwekundu, na kwenye mshono ule bado kulikuwa na mng'ao wa kijivu ambao maji hayakuweza kuutoa.

Rozalia alivua kofia yake ya kipolisi akaiweka chini. Kisha akasema, si kwa Bi Hadija, bali kwa kibanda:

"Eustakio yu hai."

Nyuki walivuma. Upepo uliinua suruali, ukaishusha.

"Yuko Nachingwea," aliendelea. "Kichwa kinamuuma. Anasema alikuacha, na analia."

"Muongo wewe." Sauti ilitoka nyuma ya ghala la mahindi, imekauka. "Mimi nilimwona. Alikuwa amelala kwenye damu."

"Ulimwambia asije akaua nyuki."

Kisha mtu akajitokeza akiegemea fimbo, shuka la Bi Hadija kiunoni, mguu mmoja umefungwa vijiti kuanzia goti. Alikuwa amekonda. Alimtazama Rozalia kama mtu anayemtazama mgeni wa ndotoni, akingoja apotee.

"Kama ni wa Mikidadi," Halfani alisema, "nipige risasi hapahapa. Bibi huyu hana kosa."

"Mikidadi yuko kwangu, anakunywa chai. Kaa chini, kaka. Mguu huo."

Aliketi. Aliyasimulia kwa maneno machache, akitulia katikati kama anayepanda ngazi. Gari liliguna, likakata, likarudi nyuma. Alirushwa nje, mguu ukavunjika. Chini ya gari kitu kilipasuka, na mawe ya kijani yakamwagika kwenye kinywe, mazuri, yanawaka. Yeye ni mtu wa mawe. Alijua mara moja kwamba hayo hayakuchimbwa hapo, na kwamba mwenye nayo hataki yajulikane yalikotoka. Eustakio alikuwa hasogei. Halafu akasikia lori. Akajiburuza kwenye mikorosho.

"Nilisikia sauti ya Mikidadi kwa masikio yangu. Ile sauti yake laini. Akasema, yule wa mawe mtafuteni, aliyeona asirudi. Nilipochungulia tena, Eustakio hayupo pale. Nikajua wameshambeba maiti."

"Alikuwa ameshainuka mwenyewe kabla hawajafika. Alitembea mpaka Kiegei."

Halfani alifunika uso wake kwa kiganja. Bi Hadija, ambaye hakuwa ameelewa yote, alimshika bega.

"Walikuja kuuliza," bibi alisema. "Watu wa lori. Niliwaambia, mimi kuvuna mbaazi tu."

Mtandao ulipatikana kwenye kichuguu nyuma ya kibanda. Rozalia alipanda juu yake akapiga simu kituoni.

"Yule bwana bado yupo?"

"Yupo, afande. Anauliza gari."

"Mwekeni mahabusu. Ndiyo, huyohuyo, mimi nitaeleza kwa Mkuu. Piga simu Ruangwa walizuie lori lake, na uani kwake watafute boksi la chuma refu kama mkeka. Na Eustakio mtoeni. Apelekwe akasafishwe kidonda, apewe kitu cha kula, na mwambieni Halfani yupo. Mwambieni polepole."

Alishuka akampa Halfani simu, ameshamtafutia namba. Halfani aliishika kwa mbali kama kitu cha moto.

"Wamenitandikia?" aliuliza.

"Mkeka tu. Hawajasoma hitima."

Simu iliita. Ilipopokelewa, zilisikika kwanza sauti za wanawake wengi, kikombe kinawekwa, mtoto anakohoa. Kisha sauti moja iliyochoka: "Inspekta? Kama ni pole, usinipe."

"Mama Zuhura," Halfani alimwambia mkewe. "Ni mimi."

Kule wanawake waliendelea kuongea kwa muda mfupi, kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa. Ikabaki pumzi tu. Rozalia alitazama pembeni. Linus alikuwa amesimama kwenye mbaazi, kofia mkononi, na Imrani nyuma yake ameinamisha kichwa.

"Umekula?" Mwamini aliuliza.

Halfani alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye ndevu zake. "Nimekula," alisema.

Bi Hadija alisogea mpaka kwenye simu, akainama, akapaza sauti ili isikike hadi Ruangwa.

"Kidogo!" alisema. "Kala kidogo tu huyu!"